Mtoto mwenye valvu mbovu hatibiwi kwa kunyimwa mayai

Kila ikikaribia tarehe 29 Septemba, Siku ya Moyo Duniani, watu wanakumbuka kuwa wana moyo na sisi kliniki simu hazipoi. Sio mbaya, ndo kazi yetu. Ila safari hii nimeombwa niandike kidogo maana malalamiko nayo yameongezeka, hasa kwa wazazi wa watoto wa sindano za kulinda moyo, na nikiyasoma naona wengi wanachanganya magonjwa mawili, la valvu (vile vilango vya damu ndani ya moyo) na la lehemu, yaani kolesteroli, ambayo hayana undugu zaidi ya kukaa kwenye kiungo kimoja.

Nitoe mfano. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 11, mtoto kakonda, mshipa wa shingo unadunda unauona ukiwa bado mlangoni. Mama akatoa daftari, ameandika vitu vyote alivyompiga marufuku: mayai, maziwa, nazi, chipsi, hadi karanga. Miezi sita mtoto anakula ugali na mchicha wa kuchemsha. Nikamuuliza, na sindano? Kadi ilikuwa na mihuri miwili mwaka mzima. Akaniambia, "Dokta, nilisikia redioni moyo unaharibiwa na mafuta, nikasema nianze na hilo kwanza, sindano inamuuma sana mtoto."

Siwezi kumlaumu sana, maana hata sisi tukipewa maikrofoni tunaongelea mafuta na chumvi tu. Lakini binti yule hana shida ya lehemu hata chembe. Shida yake ilianzia kooni.

Kuna bakteria anaitwa streptokoka kundi A, anashambulia koo. Mtoto anaumwa koo siku chache, anapata nafuu, anarudi kucheza. Wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili, ambayo ilikuwa inamsaka yule mdudu, inageukia mwili wenyewe. Leo goti limevimba, kesho goti limepona kifundo cha mguu ndo kimevimba, nyumbani wanasema maumivu ya kukua au baridi yabisi sababu alioga maji ya baridi. Wengine mikono na uso vinajirusha vyenyewe, kijiko kinamtoka mkononi, hapo mtoto anapelekwa kuombewa na shuleni anachapwa kwa utundu. Hiyo ni homa ya rumatiki, inapenda zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo vitapona vyenyewe, moyo ndo unabaki na kovu. Valvu zinakunjamana, hazifunguki vizuri au hazifungi vizuri, na kila koo likirudi kuumwa kwa mdudu yuleyule kovu linaongezeka juu ya kovu.

Sio kila koo ni streptokoka, nyingi ni virusi, kwa hiyo msianze kununua antibayotiki za rangi mbili dukani kila mtoto akikohoa, hizo ni dawa za cheti. Mpelekeni akaangaliwe. Koo la streptokoka likitibiwa ndani ya siku tisa tangu lianze kuuma, homa ya rumatiki inazuilika, na dozi ya vidonge ni siku kumi kamili, sio mpaka anapoacha kulia.

Sasa sindano, ambayo ndo chanzo cha malalamiko. Inaitwa benzathini penisilini, na kazi yake ni kumzuia yule mdudu asirudi kooni. Mwenye uzito mkubwa anapata yuniti 1,200,000, mtoto mdogo nusu yake, inachomwa kwenye msuli na inakaa humo ikiachia dawa taratibu. Watu wanaiita sindano ya mwezi na hilo jina limetuletea balaa. Sio ya mwezi. Ni ya siku 28, na wengine tunawawekea 21. Ukichomwa tarehe 5 ukarudi tarehe 5 ya mwezi unaofuata mara nyingi umeshapita siku mbili tatu, na siku za mwishomwisho ndo dawa imeshapungua sana mwilini. Kwa mwaka ni sindano 13, mtu anayehesabu kwa miezi anapata 12, halafu akikosa mbili sababu ya msiba na mitihani anabaki na 10, ambayo ni chini ya asilimia 80 tunayoitaka, halafu anakuja kusema sindano zenu hazifanyi kazi. Jamani. Nimeshaeleza hili mlangoni, kwenye benchi, kwenye bango lenye maandishi makubwa, na bado kesho kutwa kuna mtu ataniletea kadi ya tarehe tano kwa tarehe tano.

Na ni ya muda gani? Aliyepata homa bila moyo kuguswa ni miaka mitano au mpaka afike 21, kile kitakachochelewa kuisha. Moyo uliguswa lakini haukubaki na kovu, miaka kumi au mpaka 21, vilevile tunachukua kirefu. Valvu imeharibika, miaka kumi au mpaka afike 40, na wapo wa maisha. Aliyefanyiwa upasuaji wa valvu naye anaendelea, maana valvu mpya haimzuii streptokoka kurudi kooni. Anayeamua lini kuacha ni daktari akiwa na majibu ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, mkononi, sio shangazi wala mwalimu wa zamu.

Kuuma inauma kweli, sitawadanganya. Ile dawa ni unga mweupe, ukichanganywa unakuwa mzito kama uji wa maziwa na unaziba sindano. Muuguzi anayejua kazi haharakishi: anaishika chupa mkononi mpaka ubaridi uishe, anabonyeza pale pa kuchoma kwa kidole gumba kama sekunde kumi, anasukuma polepole dakika mbili hivi. Inaweza pia kuchanganywa na lignokeini ya ganzi na maumivu yakapungua sana. Ombeni, ni haki yenu, asiwakemee mtu. Mtoto awe amekula na kunywa maji, alale, na abaki pale nusu saa ndo muondoke. Sio kuwahi daladala.

Kuna hofu moja naiheshimu, ile ya kusikia kuna mtu alichomwa akaanguka akafa. Watu wanasema aleji. Aleji kali ya penisilini ipo lakini ni nadra sana, na mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba vifo vingi vya namna hii kwa wagonjwa ambao valvu zimeharibika sana huenda ni moyo wenyewe kushindwa kuhimili mshtuko wa maumivu na presha kushuka, sio aleji. Kwa hao walio hatarini zaidi inashauriwa vidonge vya penisilini mara mbili kwa siku badala ya sindano. Kwa hiyo kama mtoto wako anavimba miguu, anahema akiwa amekaa tu, mwambie muuguzi kabla hajachoma.

Na kwa wanaouliza kama kuna ushahidi, upo, tena wa hapa jirani. Kaskazini mwa Uganda, Gulu, walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa eko, wakawapata wenye dalili za mwanzo ambao wenyewe hawakujua kama wanaumwa. Watoto 818 wakagawanywa, nusu sindano kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu bila. Waliochomwa ambao valvu zilizidi kuharibika ni 3. Wasiochomwa ni 33. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Mimi tangu siku ile nikibishiwa nataja hizo namba mbili tu.

Wakubwa waliopewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nao neno moja. Mnatuuliza kwa nini hatuwapi zile mpya zisizohitaji kupima damu kila mara. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, nchi 24, wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye valvu za rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, ulilinganisha rivaroxabani na dawa za kundi la warfarini, na waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa ile mpya. Wengi wetu tulitarajia kinyume. Kwa hiyo njooni mpime INR, kile kipimo cha damu inavyoganda, kama mlivyopangiwa. Mchicha na matembele kuleni, ila kwa kiasi kilekile wiki zote, sio wiki hii sufuria zima wiki ijayo hamna. Na binti anayetumia warfarini aje kabla hajashika mimba, maana dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni na kuiacha kienyeji kunaweza kumuua mama.

Haya, lehemu. Hii ni ya wakubwa zaidi, na hapo ndo mayai na chipsi zina nafasi yake, ingawa sehemu kubwa ya lehemu inatengenezwa na ini lako mwenyewe. Ndo maana mtu mwembamba anayekula dagaa anaweza kuwa nayo juu. Chupa ya mafuta ya kupikia iliyoandikwa haina lehemu haijakudanganya wala haijakusaidia, mafuta ya mimea hayana lehemu ya maana toka mwanzo, la kuangalia ni aina ya mafuta. Kitunguu swaumu na limao tieni kwenye mboga, mishipa haioshwi kama bomba la sinki. Mzee mmoja alinijia anatetemeka, maabara moja ilimpa 5.2, nyingine 201, akaona imepanda mara arobaini ndani ya wiki. Ni kitu kilekile, vipimo viwili tofauti kama kilo na ratili. Angalieni kilichoandikwa mbele ya namba.

Kuhusu vidonge vya statini, vile vya kushusha lehemu, aliyeshapata shambulio la moyo asiache kwa sababu ya stori za kijiweni. Uingereza waliwachukua watu 60 walioacha kwa ajili ya madhara kama misuli kuuma, wakawapa statini miezi mingine, vidonge bandia visivyo na dawa ndani miezi mingine, na miezi mingine hakuna kitu. Kero walizopata kwenye kidonge bandia zilifika asilimia 90 ya zile za statini yenyewe. Haimaanishi misuli haiumi, inauma, na wachache ni dawa kweli. Njoo tubadilishe dozi au aina, ila usitupe chooni.

La mwisho ni la kadi, na hapa baadhi ya malalamiko ni ya haki. Kuna wazazi walirudishwa getini kwa sababu kadi imepotea au imelowa. Utaratibu ni kwamba kadi inatakiwa, tunaihitaji tujue tarehe, na ukienda kung'oa jino muonyeshe daktari wa meno kabla hajagusa kitu. Lakini kadi ikipotea mleteni mtoto hivyohivyo na jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, daftari la sindano lipo kwetu, tutamtafuta humo na atachomwa siku hiyohiyo. Akiwa amekosa sindano moja au tano ni vilevile, hatumwanzishi foleni upya wala hakuna faini. Na yule binti mleteeni mayai yake.