Glavu za Docimedis: wizi, risasi na mungu wa kike wa Bath

Ukiuliza dini ya Warumi wa kale ilikuwaje, wengi watakutajia Jupita, nguzo za mawe na fahali wa kafara. Mimi kazi yangu ni Britania, jimbo la Kirumi katika Uingereza ya leo, na nikiulizwa swali hilo huanza na glavu. Mtu aliyeitwa Docimedis alipotelewa na glavu mbili katika mji wa Aquae Sulis, ambao leo ndio Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alitwaa kibamba chembamba cha madini ya risasi, akachora juu yake kwa ncha kali maneno machache ya Kilatini, akiomba aliyeziiba apoteze akili na macho yake hekaluni. Kisha kibamba kikaingia kwenye chemchemi ya maji moto, na humo kikakaa hadi karne ya 20.

Chemchemi hiyo hutoa zaidi ya lita milioni moja za maji kila siku, yenye joto la nyuzi 46 hivi. Wenyeji wa Kikelti walikuwa na mungu wao wa kike hapo, Sulis, na sarafu zao zimepatikana ndani ya chemchemi yenyewe. Majeshi ya Roma yaliingia Britania mwaka 43 BK. Warumi hawakumfukuza Sulis. Walimuunganisha na Minerva, mungu wao wa kike wa hekima, wakajenga hekalu na mabafu kando ya maji, na jina la mwenyeji likabaki mbele: Sulis Minerva.

Mawe ya hekalu yalianza kuonekana zamani. Mwaka 1727 wafanyakazi waliokuwa wakichimba mtaro walikumbana na kichwa cha Minerva cha shaba iliyopakwa dhahabu. Mwaka 1790 ukaibuka uso wa mwanamume mwenye sharubu na nywele zilizotapakaa kama miale, uliokuwa umepamba sehemu ya mbele ya hekalu. Ni kazi nzuri mno, na wataalamu bado wanabishana kama ni Gorgoni (zimwi la hadithi za Kiyunani lenye nywele za nyoka), mungu wa maji au jua. Lakini mchongo wa namna hiyo hutueleza zaidi matakwa ya aliyelipia ujenzi. Mtu wa kawaida alisema nini alipofika mbele ya mungu wake? Kulijua hilo kulihitaji kuchimba matope ya chemchemi.

Nafasi ilipatikana kwa sababu ya kusikitisha. Mwaka 1978 watu walizuiwa kuogelea katika maji hayo baada ya kifo kilichosababishwa na amiba, kijidudu hatari cha majini. Mwaka 1979 na 1980 mwanaakiolojia Barry Cunliffe na wenzake wakachimba chini ya sakafu ya bafu liitwalo King's Bath, ndani ya birika la Kirumi lililozingira chemchemi. Walipata sarafu zaidi ya 12,000, vyombo vya bati na risasi vilivyotolewa wakfu kwa mungu, na mabamba yenye maandishi yapatayo 130. Roger Tomlin, mtaalamu wa maandishi ya Kirumi, aliyasoma, akayachapisha mwaka 1988.

Neno "aliyasoma" linaficha jasho jingi. Mabamba mengi yalikuwa yamekunjwa au kuviringwa, na risasi iliyolala majini miaka 1,700 huvunjika ikikunjuliwa vibaya. Mikwaruzo yake haina wino, kwa hiyo msomaji humulika taa kutoka pembeni, akahamisha mwanga pembe baada ya pembe, akichora kila kivuli anachokiona. Tena baadhi ya waandishi waliandika kinyumenyume kwa makusudi.

Tope la chemchemi halina matabaka yaliyotulia ya kutupa tarehe, kwa sababu maji huyachanganya daima. Tarehe tunazipata kwenye mwandiko. Hati ya mkono ya Kirumi ilibadilika sana kuelekea karne ya 4, herufi zikachukua maumbo mapya, hivyo mtaalamu huweza kutenga bamba la karne ya 2 au ya 3 na la karne ya 4. Na mwandiko umefichua jambo lililonishangaza zaidi kuliko yote: karibu kila bamba lina mkono wake. Kama makarani wachache wa hekalu ndio walioandika kwa malipo, tungeona mikono ileile ikijirudia. Inaelekea watu walijiandikia wenyewe, hata wasiojua kuandika, kwani yapo mabamba yenye alama zinazoiga herufi tu bila kusomeka. Aliyechora alama hizo aliamini kwamba Sulis ataelewa.

Walilalamikia nini? Karibu kila mara ni wizi, na mara nyingi wa vitu vidogo: nguo, sarafu chache, chombo cha nyumbani. Mabafu yalikuwa mahali pazuri pa mwizi, maana kila mtu huvua nguo. Sheria ya Kirumi ilikuwa hata na fungu lake mahususi kuhusu wezi wa mabafuni. Lakini aliyeibiwa alipaswa kumtafuta mwizi mwenyewe na kumfikisha mbele ya hakimu, na kwa joho moja nani angeweza? Docilianus, mwana wa Brucerus, alilipeleka joho lake lenye kofia kwa Sulis. Alitaka mwizi, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru, anyimwe usingizi na watoto hadi alirudishe hekaluni.

Angalia jinsi maneno yanavyofungwa kila upande ili mtu asiponyoke: mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru. Hiyo ni lugha ya wanasheria. Bamba jingine linakwenda mbali zaidi: mwenye kuibiwa anampa Sulis zile sarafu sita za fedha alizopoteza, na sasa ni juu ya Sulis kuzidai kwa Senicianus, Saturninus na Anniola. Mali imeshabadilisha mmiliki. Kuanzia hapo mwizi hana deni kwa jirani yake, ana deni kwa mungu. Ndiyo maana naona ni makosa kuyaweka mabamba haya kwenye fungu la uchawi wa gizani. Ni mashtaka, yaliyopelekwa kwa mamlaka iliyoaminika kusikiliza. Msomaji wa pwani atakumbuka halbadiri, ambapo mara nyingi tangazo tu kwamba itasomwa hutosha kumfanya mwizi arudishe mali usiku. Imani ni mbali na mbali, lakini nadhani hata Bath habari ya bamba ilienea mjini, na hofu ikafanya sehemu yake.

Bath haikuwa peke yake. Huko Uley, Gloucestershire, kulikuwa na hekalu la Merkuri, mungu wa Kirumi wa biashara, juu ya kilima, lililochimbwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapo Honoratus alishitaki kwamba ameibiwa magurudumu mawili, ng'ombe wanne na vitu vingi vidogo vya nyumbani. Mwizi asilale, asikae, asile wala asinywe mpaka apatane naye. Mifupa ya kafara ya Uley ni ya mbuzi, kondoo na majogoo kwa wingi, na mbuzi na jogoo ndio wanyama wanaochongwa pamoja na Merkuri. Maandishi na mifupa vinaposhuhudia kitu kimoja namna hii, mwanaakiolojia hana la kuomba zaidi.

Huko Lydney, pia Gloucestershire, kwenye hekalu la Nodens, mungu wa Kikelti, Silvianus alipoteza pete, akaahidi nusu ya thamani yake kwa mungu na kumtaja Senicianus. Basi pete ya dhahabu yenye jina la Senicianus ilipatikana Silchester, mji wa zamani wa Kirumi kusini mwa Uingereza, mwaka 1785, na wengi wamekwisha kutangaza kesi imefungwa. Mimi sikubali. Umemwona Senicianus mwingine hapo juu, pale Bath; jina lilikuwa la kawaida Britania, na pete haisemi iliibiwa wapi.

Bamba ninalolirudia zaidi ni la Annianus, mwana wa Matutina, la karne ya 4, wakati Ukristo ulikwisha kuingia Britania. Naye aliibiwa sarafu sita za fedha kutoka mfukoni. Ule mfululizo wa kisheria anauanza kwa jozi mpya kabisa: mwizi awe mpagani au Mkristo, mwanamume au mwanamke, mvulana au msichana, mtumwa au huru. Upande wa pili kuna orodha ya majina 18, bila shaka ya anaowashuku. Wafalme wa Roma walikuwa wameanza kuibana dini ya zamani, lakini kwa Annianus suala la nani ana mamlaka Aquae Sulis halikuwa na mjadala. Mkristo aliyeiba kando ya chemchemi hiyo angejibu kwa Sulis kama mtu mwingine yeyote.