Bushi za sabufremu ya nyuma, tuache kudanganyana

Wadau wa Altezza na Mark II hapa Mtwara, kuna maneno yanazunguka magereji yetu kuhusu bushi za sabufremu, na watu wanaumia mfukoni bure. Sabufremu ni ile fremu ya chini nyuma inayobeba difu (inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma) na kontroo amu (mikono inayoshika tairi), na bushi ni zile pete, kawaida za raba, zinazokaa pale inapofungwa kwenye bodi.

Wengi wanaamini ukiweka bushi ngumu gari inaongeza nguvu. Hapana jamani, injini inabaki ileile. Raba ikichoka, ukikanyaga mafuta sabufremu nzima inasogea na tairi za nyuma zinabadili uelekeo usukani hujaugusa, ndo ile unapita kona za Mikindani unahisi nyuma kunaogelea. Bushi nzuri zinaondoa hicho, na si kidogo.

Wengine wanasema iliyo ngumu kuliko zote ndo bora. Alminiamu haichezi kabisa, ya mashindano hiyo, ukienda nayo Newala kwenye vumbi kila kishindo kinapanda kwenye bodi. BMW E46 zinajulikana kwa kupasuka bodi pale sabufremu inapofungwa, sasa mtu anaweka bushi ngumu bila kuchomelea bamba za kuimarisha, hapo hajatibu kitu. Poliyurethani, ile plastiki inayonesa kidogo, ndo ya katikati. Wanaoiogopa kwa kelele wanachanganya mambo, ule mlio unatoka zaidi kwenye bushi za amu maana zile zinazunguka, za sabufremu zimebanwa tu. Na difu ikivuma angalia kwanza bushi za difu yenyewe, ni nyingine hizo.

Linaloniuma zaidi ni oili chafu. Altezza yangu ilikuwa inagonga nyuma kila nikiachia klachi, fundi akapaka oili chafu kwenye bushi akaniambia itatulia, ikatulia siku mbili. Nilipokuja kuishusha sabufremu nikakuta raba imevimba, laini kama bibo lililodondoka jana, kidole kinazama, imeshaachana na chuma chake. Oili inakula raba jamani, msikubali!

Halafu huku pwani chumvi inagandisha bolti, zipulizie dawa ya kutu tangu jana yake, usilazimishe. Na bolti za amu zenye bushi za raba zisikazwe gari ikiwa inaning'inia, raba itabaki imejikunja muda wote na itachanika mapema. Shusha gari ikae kwa tairi zake ndo ukaze, kisha kapige alaimenti, yaani tairi zinyooshwe uelekeo.