Majivu ya mpunga si simenti ya bure

Ukipita Butaleja, huku mashariki mwa Uganda, msimu wa mavuno utaona nyuma ya vinu vya mchele vilima vya maganda, vingine vinafuka moshi siku tatu mfululizo, na majivu meusi yanapeperuka mpaka kwenye chai ya watu. Sasa kuna video zinazunguka WhatsApp eti hayo majivu unamwagia zege bila simenti hata kijiko, na watu wameanza kunipigia simu. Mimi nafyatua matofali hapa Tororo, wacha niseme ninachojua maana uongo umekuwa mwingi.

Wa kwanza ni huu: "tia maji, koroga, subiri yagande." Hapana jamani. Nilijaribu kwenye kopo la rangi, nikaacha wiki nzima, kurudi nakuta uji uliokauka, ukigusa na kidole unamomonyoka. Majivu ya mpunga yakiungua vizuri ni silika, madini yaleyale ya mchanga, asilimia 85 mpaka 95, na silika peke yake ukiitia maji inakaa tu, haina habari. Inataka mwenzake, yaani chokaa. Hivyo viwili vikikutana na maji ndio polepole inatokea gundi ya aina ileile inayoshika simenti ya dukani. Warumi walijenga hivyo miaka elfu mbili iliyopita kwa majivu ya volkano. Na yule anayekucheka eti majivu ni ya maskini, muulize ndani ya mfuko wa simenti ulioandikwa 32.5 kuna nini, maana mingi ya hapa kwetu imetiwa pozolana, ni mawe na majivu ya volkano yaliyosagwa, kwa hiyo ameshajengea majivu na hajui!

Halafu kuna "majivu ni majivu, hata ya jikoni." Hapa ndio watu wengi wanapotea. Majivu ya kuni yana kalsiamu na potasiamu nyingi, silika kidogo, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Na hata ya mpunga yenyewe inategemea yaliungua vipi: moto wa kama digrii 500 mpaka 700 unaacha silika ambayo bado ina njaa, tayari kula chokaa. Moto ukipita 800 na kukaa muda mrefu silika inageuka fuwele, inakuwa kama mchanga, unachanganya chokaa yako bure, na vumbi lake ni baya kwa mapafu so vaa barakoa. Ule moto wa kilima kando ya kinu juu unaungua, chini unafuka tu, ndio maana ukichota unapata meusi, ya kijivu na meupe kwenye karai moja. Meusi maana yake mkaa haujaisha. Mimi nachukua ya kijivu, ila rangi haikuambii kila kitu, lazima ufanye kijitofali cha majaribio. Makapi ya miwa yanayochomwa kwenye boila za viwanda vya sukari kama Kakira hali ni hiyohiyo, majivu yapo mengi ila huwa yana mchanga wa shambani, pima kwanza.

"Lakini ni bure si ndio?" Haya tupige hesabu. Tani moja ya mpunga inaacha karibu kilo 200 za maganda, ukichoma unabaki na kama kilo 40 za majivu, hazifiki hata uzito wa mfuko mmoja wa simenti. Halafu usage mpaka yawe laini, na silika inakula mashine, usimpelekee mwenye kinu cha posho atakufukuza. Halafu ununue chokaa, ambayo nayo imetoka kwenye tanuri na kutoa hewa ukaa yake, hivyo wanaosema haina moshi kabisa wanatia chumvi.

Ile ya kwenye video sanasana ni jiopolima, yaani gundi ya silika na alumini iliyoamshwa na soda kali, jina alilolitoa Mfaransa Joseph Davidovits miaka ya 1970, na hiyo haitaki chokaa, inataka kostiki soda, hii hii ya watengeneza sabuni. Ila mpunga hauna alumini ya maana kwa hiyo lazima utafute kaolini, ule udongo mweupe, ile ya Mutaka huko magharibi mwa Uganda kwa mfano, nayo uichome. Na soda jamani si ya kuchezea, unatia soda kwenye maji, usimwage maji juu ya soda, usitumie sufuria ya alumini, na jicho likirukiwa unaweza kulipoteza.

Turudi kwa ile ya chokaa: wengine wanasema haina nguvu. Inayo, ila haina haraka. Simenti unavua fomu kesho, hii ya chokaa na majivu unaifunika magunia mabichi na kumwagilia wiki nne au zaidi, na fundi wa kulipwa kwa siku hana huo uvumilivu.

Wengine tena wanataka kupandisha ghorofa nayo. Acha. Chuma ndani ya zege kinalindwa na ukali wa chokaa, na majivu yanaila hiyo chokaa, chuma kikibaki uchi kinashika kutu. Nguzo na lenta bila injinia na vipimo vya maabara mimi sigusi. Mwaka jana nilimwagia sakafu ya banda la kuku, chokaa moja majivu mawili, na kuku bado wanaparua juu yake. Nguzo za hilo banda niliweka simenti.