Namba ya shemeji si dhamana ya mkopo

Malalamishi ya apu za mikopo yamerudi kwa wingi kwenye dawati letu la watumiaji, na safari hii wengi wanaotuandikia si wakopaji. Ni mama mkwe, ni bosi wa zamani, ni fundi aliyekuja kurekebisha bomba mara moja namba yake ikabaki kwa simu ya mkopaji, apu ikaichukua. Mtu anaamka anakuta meseji kutoka namba asiyoijua, amwambie fulani alipe deni lake leo kabla saa sita la sivyo "tutachukua hatua", na akipiga simu kuuliza anatukanwa. Afu anatuuliza, mimi nahusikaje na hili deni?

Huhusiki. Kama hukukaa chini ukakubali mwenyewe kuwa mdhamini, hudaiwi hata shilingi, na aliyekutumia hiyo meseji ndiye mwenye maswali ya kujibu.

Sheria yenyewe mnaijua, ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na nyuma yake kuna kifungu cha 31 cha Katiba kinachosema kila mtu ana haki ya faragha, kwa hivyo sitarudia hayo. Nataka kukaa kwenye kitu kimoja ambacho naona kinawapoteza watu wengi, nacho ni ridhaa. Mkopaji anatuambia "lakini nilibofya kubali apu ilipoomba namba zangu, si basi nimejimaliza?" Hapana. Kifungu cha 32 cha Sheria hiyo ya Data kinasema mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba ulikubali ni kampuni, si wewe, na kinasema pia unaweza kuondoa ridhaa yako wakati wowote. Na kwenye kupima kama ulikubali kwa hiari inaangaliwa kama ulilazimishwa kukubali jambo lisilohitajika ndio upewe huduma. Kukopa shilingi 2,000 hakuhitaji namba ya mwalimu wa mtoto wako, hakuna hesabu yoyote ya mkopo inayoihitaji hiyo namba, inahitajika kwa ajili ya kukuaibisha tu.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi ambalo hata baadhi ya mawakili huliruka. Hata kama wewe ulikubali kwa moyo mweupe, ulikubali kwa niaba ya nani? Ile orodha ya namba ulizosevu ni data za watu wengine. Kifungu cha 28 kinataka data ichukuliwe kwa mwenyewe moja kwa moja, ukitoa hali chache zilizotajwa, na kifungu cha 29 kinataka mwenyewe aambiwe kabla haijachukuliwa, inachukuliwa kwa nini na itapewa nani. Shemeji yako aliambiwa lini? Kumkubalia mtu aingie kwako hakumpi ruhusa ya kupekua chumba cha mpangaji wa jirani.

Na msidhani hii ni nadharia ya makaratasi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ile tunayoiita ODPC, iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu walizozipata kwingine kuwatumia vitisho na kuwapigia simu. Wakati huo huo klabu moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, ikapigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na Roma School ikapigwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mwaka uliotangulia, Desemba 2022, Oppo Kenya ilitozwa shilingi milioni 5 kwa sababu ya picha ya mtu mmoja iliyotumika kwenye Instagram bila yeye kukubali. Picha ya mtu mmoja tu! Naitaja makusudi manake bado kuna watu wanaamini hii sheria ni ya mabenki na serikali.

Kesi ya Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, nayo inafaa kukumbukwa. Mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye ukumbi wa KICC, Nairobi, wapigwe picha ya mboni ya jicho wapate tokeni, yaani hizo sarafu, za thamani ya kama shilingi 7,000, na wengi walisema wamekubali wenyewe, hakuna aliyewashika mkono. Mei 2025 Mahakama Kuu, Jaji Roselyne Aburili, ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa ODPC, na sababu mojawapo ni kwamba ridhaa inayopatikana kwa kumshawishi mtu na pesa si ridhaa halali. Sasa mfikirie mtu anayekopa saa nne usiku mtoto akiwa na homa, hiyari yake iko wapi hapo.

Tuje kwa utaratibu, na hapa naomba msome polepole kwa sababu malalamishi mengi mazuri yanafia hapa.

Kwanza andikia kampuni yenyewe. Si kwa simu, kwa barua pepe au kwa meseji inayoonyesha tarehe. Sema unataka kujua wana data gani yako, waliitoa wapi na wamempa nani. Kanuni za 2021 za Sheria hiyo ya Data zinawapa siku 7 kukujibu ombi la kuona data yako, na ukiomba ifutwe au irekebishwe wana siku 14. Huna haja ya kueleza historia ya maisha yako wala kutumia lugha ya korti, na huna haja ya kulipa deni la mtu ndio usikilizwe. Weka nakala. Wasipojibu, hilo nalo ni ushahidi, usiseme "walininyamazia nikaachana nao".

Pili, lalamika ODPC. Kifungu cha 56 kinakuruhusu kulalamika kwa mdomo au kwa maandishi, ukienda kwa mdomo wao wenyewe watayaandika, na kuna fomu kwenye tovuti yao. Unaweza pia kulalamika kwa niaba ya mtu mwingine, kwa hivyo wewe kijana mwenye mama kijijini anayesumbuliwa kwa simu ya kabambe unaweza kumsimamia. Sheria inataka uchunguzi uishe ndani ya siku 90, kwa hivyo lipeleke lalamiko likiwa kamili. Likiwa kamili, jamani. Skrinishoti iliyokatwa namba ya mtumaji haimsaidii mtu yeyote. Tunahitaji namba, tarehe, saa, jina la apu kama linajulikana, na meseji nzima, hata ile sehemu yenye matusi ambayo unaona aibu kuionyesha. Usiifute. Ukibloku namba bila kuhifadhi rekodi ya simu umeishusha kesi yako mwenyewe.

Wakikutishia kukudhuru, hilo usilisubirishe ODPC, nenda kituo cha polisi uandikishe upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, afu hiyo namba uiambatanishe na lalamiko.

Kuhusu adhabu, kuna njia mbili na watu huzichanganya. Kamishna anaweza kutoa notisi ya utekelezaji, yaani anaiambia kampuni irekebishe jambo fulani, na muda anaoipa hauwezi kuwa chini ya siku 21. Ikikaidi bila sababu ya maana hilo ni kosa la jinai, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote. Njia ya pili ni notisi ya adhabu, faini ya kiutawala, na hii kifungu cha 63 kinaiwekea kikomo cha shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita kwa kampuni, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Ndiyo, iliyo ndogo. Mimi binafsi naona hapo sheria iliwaonea huruma wakubwa, kampuni inayozungusha mabilioni haitikiswi na milioni 5, na hili tumelisema kila tulipopewa nafasi. Kampuni isiporidhika inaweza kwenda Mahakama Kuu. Faini haiingii mfukoni mwako. Unachopata wewe ni fidia chini ya kifungu cha 65, na sheria inatambua hasara ya pesa na pia madhara yasiyo ya pesa, kama msongo uliopata, kwa hivyo lalamiko lako liseme wazi kwamba unadai fidia na kwa sababu gani.

Sasa kuna jambo ambalo naomba tuelewane mara moja ili nisilijibu tena kila wiki. Kulalamika hakufuti deni. Kama ulikopa 5,000, ODPC ikikupa haki bado una deni la 5,000 pamoja na riba mliyokubaliana. Kuna watu wanakuja kwetu wakitaka barua ya "kusimamisha malipo", hatuna barua kama hiyo na hakuna ofisi ya data inayotoa. Na tafadhali acheni kuweka picha na namba ya yule wakala wa kukusanya madeni kwenye Facebook mkisema mnamrudishia, unaweza kujiletea kesi yako mwenyewe na ushahidi wako ukapoteza nguvu.

Upande wa leseni ni wa Benki Kuu. Kanuni za watoa mikopo wa kidijitali za Machi 2022 zinakataza matusi, vitisho, na kuingia kwenye orodha ya namba za mteja ili kuwatumia watu wake meseji akichelewa kulipa. Orodha ya waliopewa leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, ilikuwa na kampuni 126 Juni 2025 na imekuwa ikiongezwa. Angalia jina la kampuni, si jina la apu pekee, manake kampuni moja inaweza kuwa na apu kadhaa. Usajili wa ODPC ni kitu kingine kabisa, cheti chake hudumu miezi 24 halafu kinahitaji kuhuishwa, kwa hivyo kampuni inaweza kuwa nacho na isiwe na leseni ya kukopesha.

Kwenye simu yenyewe, Google ilizuia apu za mikopo za Play Store kuomba namba zako na picha zako tangu 31 Mei 2023. Maana yake ni kwamba apu ya mkopo inayokuomba ruhusa hiyo leo kuna uwezekano mkubwa umeitoa kwingine, faili la APK, yaani la kusakinisha apu, ulilotumiwa WhatsApp au Telegram. Ingia Mipangilio, Programu, Ruhusa, halafu Anwani (Contacts), uzime. Lakini kuzima ruhusa au kudiliti apu hakufuti kilichokwisha kunakiliwa, nakala iko kwenye seva yao, yaani kompyuta za kampuni, na ndiyo maana ombi la kufutiwa linaandikwa kwa kampuni.

Hapa ndipo nasimama na wenzangu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, uko wazi kwa wote kuusoma, na najua hili si wote kwenye taasisi wanalikubali. Hizi apu zimefungwa, hakuna mtu wa nje anayeweza kufungua msimbo aone inasoma nini na inapeleka wapi, tunabaki kukisia kwa kuangalia ruhusa inazoomba. Ujerumani ilipotoa apu ya kufuatilia maambukizi ya Korona Juni 2020 iliweka msimbo wake hadharani, wataalamu wakaukagua, wakakosoa, ukarekebishwa. Ni kweli msimbo wazi unakuonyesha kinachofanyika kwenye simu yako, hauwezi peke yake kukuhakikishia kinachofanyika kwenye seva. Ila apu inayotaka leseni ya kugusa pesa za watu ingefaa iwekwe mezani ikaguliwe kabla, si baada ya watu kulia, na serikali ingeanza na apu zake yenyewe.

Kwa ninyi ambao namba zenu zilichukuliwa kwenye simu ya mtu mwingine, msimsubiri mkopaji alalamike, wengi wanaona aibu na hawatalalamika. Lalamiko ni lako kwa jina lako. Tuma ombi kwa kampuni leo, zile siku 7 zinaanza kuhesabiwa wakilipokea.