Magneti si Ilboru

Jumamosi iliyopita, kwenye sherehe ya kipaimara hapa Houston, sijafika hata nusu ya sahani ya pilau, baba mmoja akavuta kiti akakaa. "Dada, si wewe ndiye wa mambo ya shule? Binti yangu kapata magneti. Kwa hiyo habari ya chuo imeisha, siyo?"

Magneti ni shule au programu ya umma yenye kozi maalumu, inayopokea watoto hata wa mbali na mtaa wake. Nikatafuna taratibu nisije nikajibu vibaya mbele ya watu. Huyu ni wa nne tangu Januari.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi kwenye sekondari ya umma, mwaka wa 14 sasa, na tunakotoka napajua. Kwetu Tanzania mtoto akichaguliwa sekondari ya vipaji kama Ilboru au Kibaha, mtaa mzima unapata habari kabla ya babu yake. Mkenya atakutajia Alliance kwa sauti ileile. Aliyebaki ni wa shule ya kata, na mama yake akiulizwa anabadilisha mazungumzo. Basi tumefika Marekani tumeibeba ngazi yetu vilevile: magneti juu, shule ya mtaa chini.

Magneti hazikuzaliwa ili kuchuja vipaji. Zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, mahakama zikizibana wilaya za shule ziache kutenga watoto weusi na weupe, na wazazi weupe wakiyapinga mabasi ya lazima ya kuwachanganya watoto. Wilaya zikabuni ujanja: weka kozi ya sanaa au ya udaktari kwenye jengo moja, watoto watakuja wenyewe kutoka kila upande, kama misumari kwenye sumaku. Hapa Houston shule ya sanaa ya HSPVA ilianza 1971, na DeBakey ya mambo ya afya 1972. Kuna zinazotazama alama, na za sanaa mtoto atapiga fidla mbele ya walimu. Lakini nyingi huchukua kwa bahati nasibu. Binti wa huyu baba kaokotwa na kompyuta, kama ile bahati nasibu ya viza iliyotuleta wengine wetu huku, na hatukusema sisi ndio wenye akili kuliko waliobaki.

Sasa hapa ndipo ninapochoka. Magneti nyingi si shule, ni programu iliyowekwa ndani ya shule ya kawaida. Geti moja, kantini moja, madarasa mbalimbali. Mzazi anafungua tovuti inayotoa alama kwa shule, anaona 4 kati ya 10, anakimbia. Akiona 9, vigelegele. Namba ile ni wastani wa watoto wote wa jengo lile, wakiwemo mamia ambao mwanao hatakaa nao dawati moja hata siku moja. Halafu namba yenyewe inakueleza zaidi nani kaingia, kuliko kafundishwa nini.

Mwaka 2014 wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walitazama sekondari zile zile ambazo Wakenya wanaziapia. Walilinganisha waliovuka mstari wa kuingia kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hawakuona faida ya maana. Mwaka huohuo ukatoka utafiti wa shule za Boston na New York zinazoingiwa kwa mtihani, na majibu yakafanana. Wanaotoka na A wengi wao waliingia nazo. Nikisema hivi mezani, Wakenya wananitazama kana kwamba nimemtukana mama yao.

Ila niseme ukweli wangu. Tafiti hizo zinamhusu mtoto aliye karibu na mstari wa kuingia, na zinapima mitihani. Hazimpimi binti ambaye kwa mara ya kwanza amekaa na wenzake wanaopenda biolojia, akaacha kujifanya hajui jibu. Huyo nimemwona kwa macho yangu, zaidi ya mmoja. Siku nikimkumbuka huyo, nusu ya haya ninayoyaandika hunitoka mikononi.

Ukiwa Texas kuna jambo jingine, na hili wazazi hawalisikii hata nikilipigia ngoma. Sheria ya 1997 inampa nafasi ya moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya jimbo mtoto aliye ndani ya asilimia 10 ya juu. UT Austin, chuo kikuu cha jimbo kinachogombewa sana, wao wamebana: kwa miaka kadhaa ilikuwa asilimia 6, na kwa wanaoingia vuli ya 2026 ni 5. Asilimia 5 ya nani? Ya darasa lake, shuleni kwake. Mtoto wa 12 kati ya 400 shule ya mtaa yumo. Mtoto huyohuyo, kwa bidii ileile, mpeleke kwenye magneti ya wakali 200 awe wa 40. Hayumo. Ataomba kama wengine wote na kusubiri. Na hata aliyemo, kapata chuo tu, uhandisi anaugombea upya.

Mabasi nitayapita haraka. Magneti ikiwa mbali, mara nyingi basi halifiki mlangoni, linasimama kituo cha pamoja. Namjua mtoto anayesimama pale saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, chapati kwenye foili, mama yake akiwa bado zamu ya usiku. Kipindi cha kwanza anasinzia. Kipindi cha kwanza ni kemia.

Kabla hamjaniona mtetezi wa shule za mtaa: kuna kijana niliyemshauri abaki shule ya mtaa, kwa ajili ya hiyo nafasi ya moja kwa moja. Kwenye kijitabu cha kozi AP ya Kalkulasi BC ilikuwepo (AP ni kozi za ngazi ya chuo zinazofundishwa sekondari). Waliojiandikisha walikuwa 9, na katikati ya Agosti darasa likafutwa. Akasomea maktaba, kwenye kompyuta, kwa mwalimu ambaye hakuwahi kumwona. Nafasi aliipata, uhandisi akaupata, na hesabu za mwaka wa kwanza zikamtesa hadi akazirudia. Mama yake bado ananisalimia vizuri. Mimi ndiye ninayekwepa macho.

Kwa hiyo yule baba nikamuuliza matatu. AP zipi zilifundishwa kweli mwaka jana, si zilizoandikwa? Binti atapangwa nafasi na akina nani? Na asubuhi atafikaje?

"Dada, hayo si wanayajua wenyewe shule?"

Binti alikuwa amesimama nyuma yake na soda mbili, kumbe anasikiliza.

"Auntie, mimi nilitaka ile ya bendi," akasema. "Baba ndiye aliyebofya ya afya."

Baba akaomba apitishiwe kachumbari.