Spika janja zinaigana, na hilo silo tatizo

Nimefungua spika janja, zile unazoziuliza swali kwa sauti zikakujibu, nyingi kuliko nilizoziacha nzima. Kazi yangu ni usindikaji wa sauti: nahakikisha kifaa kinamsikia mtu aliye upande wa pili wa chumba huku muziki unapiga na feni inavuma. Ndiyo maana mara kwa mara naulizwa swali lilelile: nani kamwiga nani? Watu huliuliza kwa hasira kidogo, kana kwamba kuna mwizi anatafutwa. Jibu langu ni kwamba karibu wote wameigana, na kuigana huko kumemfaa mnunuzi kuliko anavyodhani. Linalomuumiza ni jambo jingine, nami nitalifikia.

Tuanze na ule mnara mweusi. Novemba 2014 Amazon ilitangaza Echo: silinda yenye pete ya taa juu na maikrofoni saba, ikiuzwa kwa mwaliko tu, dola 99 kwa wanachama wa Prime, huduma yake ya kulipia, na dola 199 kwa wengine. Juni 2015 ikafunguliwa kwa kila mnunuzi wa Marekani. Apple ilikuwa na Siri, msaidizi wake wa sauti, kwenye simu tangu 2011, na Google ilikuwa imeshazoea kupokea maswali ya sauti, lakini aliyewahi kuingia sebuleni alikuwa muuza bidhaa wa mtandaoni. Hata hivyo naye hakuanza mikono mitupu. Amazon ilikuwa imeinunua Evi, kampuni ya Cambridge, Uingereza, iliyojenga programu ya kujibu maswali, na Ivona ya Poland, mafundi wa kuifanya kompyuta isome maandishi kwa sauti inayofanana na ya binadamu. Mfuatilie mtangulizi yeyote katika fani hii, utakuta naye aliomba moto kwa jirani.

Mei 2016 Google wakatangaza Google Home. Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisimama jukwaani akawapa Amazon sifa yao waziwazi kwa msisimko waliouleta. Kifaa kilipofika madukani Novemba mwaka huo kwa dola 129, undugu ulionekana: kitu cha mviringo kinachokaa mezani, taa juu, jina la kuita, sauti ya kike inayojibu. Ukivitazama kutoka mbali ni mapacha. Ukivifungua, hata ujamaa huuoni.

Echo ya kwanza ilikuwa na maikrofoni moja katikati na sita pembeni kwa duara. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo maikrofoni mbili zilizoachana kwa sentimita 7 hulipokea neno lilelile kwa tofauti isiyozidi takriban sehemu 2 katika sehemu 10,000 za sekunde. Kwa tofauti hiyo ndogo kiasi hicho, chipu hukisia mzungumzaji yuko upande gani, ikaelekeza usikivu huko na kupunguza kelele za pande nyingine. Google wao waliweka maikrofoni mbili tu. Waliegemea mitandao ya neva (programu zinazojifunza kwa mifano) iliyofunzwa kwa maneno mengi yaliyochanganywa na kelele za kila aina, ili programu ifanye kazi ambayo Amazon iliviachia vyuma. Swali ni moja, majibu mawili yanayopishana. Anayesema Google iliiga Amazon anasema kweli kuhusu kasha. Kuhusu sikio, hasemi kweli.

Neno la kuamsha nalo lina mambo yake. Ndani ya kila spika janja mna programu ndogo inayosikiliza muda wote jina moja tu. Ikilisikia, ndipo sauti inayofuata inapelekwa kwenye seva. Ukiilegeza, spika itaamshwa na televisheni usiku wa manane. Ukiikaza, mwenye nyumba ataita mara tatu kama anayemtafuta mtoto aliyepotea sokoni. Hakuna kipimo kimoja kilicho sahihi. Unakitafuta kwa kujaribu sauti za watoto, za wazee, za watu wa lafudhi mbalimbali, za aliyetoka usingizini, hadi upate mahali ambapo makosa ya aina zote mbili yanavumilika. Mshindani anaweza kuiga rangi ya taa katika wiki moja. Rekodi hizo na miezi hiyo ya kurekebisha hawezi kuviiga kwa kutazama.

Hili nililiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ilituletea spika ya mshindani na ombi fupi: tengenezeni inayofanana na hii. Kasha walikuwa wameshalitengeneza wenyewe, tena kwa umakini, tundu za maikrofoni zikiwa mahali palepale hadi milimita. Chumba kikiwa kimya, kifaa kilisikia vizuri. Tulipowasha muziki kikawa kiziwi. Tulihangaika na programu kwa siku nyingi kabla sijafikiria kuigusa ile plastiki kwa kidole wakati besi inapiga: ilikuwa inatetemeka yote.

Spika inayopiga muziki hujua inapiga nini, na kwa hiyo huweza kuitoa sauti yake yenyewe katika ile iliyoingia kwenye maikrofoni, ibaki sauti ya mtu. Lakini mtetemo unaopita kwenye plastiki moja kwa moja hadi kwenye maikrofoni, pamoja na mkwaruzo unaotokea sauti ikizidi nguvu ya koni, kile kiwambo kinachotetemeka kutoa sauti, havimo katika hesabu hiyo. Haviwezi kutolewa kwa sababu kifaa hakijui kwamba vipo. Tukaifungua ile spika ya asili tena, safari hii bila haraka. Kila maikrofoni ilikuwa imekalia mpira mwembamba laini, na koni ilikuwa imefungwa kwa namna ya kuitenga na ukuta wa nje. Mpira wa senti chache, usioonekana katika picha yoyote ya tangazo. Usione vyaelea, vimeundwa. Kampuni ile ililazimika kulitupa kasha lake na kuanza upya, na ilipoanza upya ilibuni umbo lake yenyewe, kwa kuwa sasa ilielewa umbo lilikuwa linafanya kazi gani.

Katika upande wa huduma zinazoonekana, mbio zilikuwa za kukimbizana kwelikweli. Aprili 2017 Google Home ikaanza kutofautisha sauti za watu wa nyumba moja. Oktoba mwaka huo Alexa, msaidizi wa sauti aliye ndani ya Echo, nayo ikaweza. Machi 2018 Alexa ikaruhusu swali la pili bila kuitwa jina upya; Juni Google wakafuata. Echo Dot ya kizazi cha pili ilitoka mwaka 2016 kwa dola 49.99, na mwaka uliofuata Google Home Mini ikaja kwa dola 49. Echo Show ikaleta skrini mwaka 2017, Google Home Hub ikaja nayo mwaka 2018. Sioni aibu katika orodha hii. Mtumiaji aliyenunua upande wowote alipata huduma nzuri iliyobuniwa upande wa pili, mara nyingi bila kununua kifaa kipya.

Kuna kufanana kwingine ambako si kuiga hata kidogo. Septemba 24, 2020 Amazon ilionyesha Echo mpya yenye umbo la mpira. Oktoba 13, wiki tatu hazijaisha, Apple ikaonyesha HomePod mini, mpira nayo. Watu walicheka wakasema wamechunguliana. Haiwezekani: kutengeneza kalibu ya kumiminia plastiki pekee huchukua muda mrefu kuliko huo, na vipimo vya sauti huchukua muda zaidi. Wabunifu wawili walikuwa na tatizo moja, jinsi ya kusambaza sauti pande zote kutoka kwenye kitu kidogo kisichochukiza macho, wakafika mahali pamoja.

Hata kosa waliligawana. Mwaka 2019, ndani ya miezi michache, ilijulikana kwamba Amazon, Google na Apple zote zilikuwa na watu wanaosikiliza vipande vya sauti za wateja ili kusahihisha mashine. Mimi nimeifanya kazi hiyo, vipokea sauti masikioni, kwa rekodi za watu waliokubali kwa maandishi, na najua bila hiyo mashine haijifunzi. Lakini kukubali ndiko kulikokosekana. Kampuni tatu zenye wanasheria wengi hivyo zilikuwa na njia zote za kumwambia mteja kwa lugha nyepesi, na hazikutumia hata moja hadi magazeti yalipoandika.

Sasa lile linaloumiza.

La kwanza ni bei. Julai 2020 Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliulizwa na kamati ya Bunge la Marekani kama Echo inauzwa chini ya gharama yake. Alijibu kwamba bei ya kawaida haiko chini ya gharama, lakini wakati wa promosheni huenda ikawa hivyo. Promosheni hizo zilikuwa za mara kwa mara. Mwenye duka kubwa au mwenye matangazo ya mtandaoni anaweza kubeba hasara kwenye kifaa akitumaini kuirudisha kwingine. Anayeishi kwa kuuza spika peke yake hawezi. Harman Kardon Invoke, spika ya dola 199 iliyotumia Cortana, msaidizi wa sauti wa Microsoft, ilitoka Oktoba 2017, na kufikia 2021 ilikuwa imebaki spika ya kawaida ya Bluetooth. Mycroft, waliokuwa wakitengeneza msaidizi wa sauti wa programu huria, walishindwa kuwapelekea baadhi ya wafadhili wao vifaa walivyoahidi, na mwaka 2023 mkuu wao alitaja gharama za kesi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kuwa sababu kubwa. Hii ndiyo maana naingiwa na wasiwasi watu wanaposema sheria kali dhidi ya kuiga zitamlinda mdogo. Mara nyingi anayemudu mahakama ni mkubwa.

Wapo waliomudu. Januari 2020 Sonos, kampuni inayotengeneza spika, iliishtaki Google, ikidai teknolojia yake ya kupatanisha spika za vyumba vingi ilichukuliwa baada ya kampuni hizo kufanya kazi pamoja, Google ilikanusha. Januari 2022 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kwamba Google ilikiuka hataza tano. Google ikabadilisha programu, na watu waliozoea kupandisha sauti ya spika zote kwa mara moja wakajikuta wakipandisha moja baada ya nyingine. Mei 2023 baraza la mahakama San Francisco likaipa Sonos dola milioni 32.5, Oktoba Jaji William Alsup akalitengua hilo, na Sonos ikakata rufaa. Naheshimu kazi ya Sonos, walianza mapema na walijenga kwa ustadi. Lakini mtu aliyeamka asubuhi akakuta spika aliyoinunua kwa fedha yake imepungukiwa na kitufe, hakuna aliyemuuliza.

La pili ndilo linalonikera zaidi, nalo ni kufunga milango. Septemba 2017 Google iliiondoa YouTube yake kwenye Echo Show, wakati Amazon nayo ilikuwa haiuzi Google Home dukani kwake. Ugomvi wao ukaingia hadi kwenye vifaa vya televisheni na haukupoa hadi 2019. Hakuna aliyemwiga mwenzake hapo. Kila mmoja alichukua kitu ambacho mteja tayari alikuwa nacho.

Mlango mwingine uko ndani ya sikio lenyewe. Spika moja inaweza kusikiliza majina mawili ya kuamsha kwa wakati mmoja. Nimefanya hivyo mezani kwangu: programu mbili ndogo juu ya chipu moja, kila moja ikisubiri jina lake, bila shida. Lakini aliyenunua spika ya Sonos yenye wasaidizi wawili alipaswa kuchagua mmoja. Patrick Spence, aliyekuwa mkuu wa Sonos, aliwaambia wabunge wa Marekani mwaka 2020 kwamba wahandisi wake walikwishaliweza jambo hilo, ila masharti ya mkataba hayakuruhusu. Septemba 2019 Amazon ilikusanya kampuni zaidi ya 30 kukubaliana kwamba mteja awe na wasaidizi kadhaa katika kifaa kimoja. Google na Apple hazikuwemo.

Mwaka 2023 JBL, watengenezaji wa spika, wakatoa spika za Authentics, ambazo Alexa na msaidizi wa Google husikiliza ndani yake kwa pamoja. Unamwita yeyote, anajibu, bila kupitia kwenye mipangilio. Nilipopata moja niliipeleka mezani kama kawaida. Niliwasha muziki kwa nguvu, nikasogea mita tatu, nikaita jina la kwanza kwa sauti ya chini, kisha la pili. Yote mawili yalisikika. Nimekaa nasubiri kuona nani ataliiga hilo.