"Waya zipite kwingine": dhana potofu na ukweli kuhusu laini kubwa za umeme

Laini kubwa ya umeme ikishachorwa kwenye ramani ya Kenya, maneno hufika shambani kabla ya wapimaji. Vifaa havijashushwa kwenye gari, na tayari kijiji kinajua kwamba ng'ombe watatoa mimba, watoto wataugua na ardhi imeshakwenda. Mengine ni uvumi mtupu. Mengine yana chembe ya ukweli, ila wataalamu hawapendi kuitaja. Yapo pia ya uongo yanayotoka upande wa serikali na makampuni, ambayo ni nadra kuitwa dhana potofu kwa kuwa wanaoyasema wamevaa tai.

Dhana: Kwa kuwa sola na upepo vimekuja, nyaya zitapungua

Zitaongezeka. Kituo cha dizeli kinaweza kujengwa pembeni mwa mji, mafuta yakaletwa kwa lori. Upepo haubebwi kwa lori. Upepo mkali wa Kenya uko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, na mvuke wa ardhini uko Olkaria. Wanaowasha taa wako Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mitambo 365 ya upepo ya Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, ilihitaji laini ya kilovolti 400 inayozidi kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, magharibi mwa Nairobi. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, laini ikakamilika Septemba 2018. Kipindi chote hicho mapangaboi yalikaa bila kazi huku deni likipanda kwa mabilioni ya shilingi, kwa sababu mkataba ulitaka mzalishaji alipwe hata kama umeme wake hauna njia ya kupita.

Sola ya paa ni jambo jema, na kwa boma lililo mbali kabisa na gridi huenda ndiyo njia ya busara zaidi. Lakini Wakenya hutumia umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine kati ya saa moja na saa nne usiku, na saa hizo jua limeshazama.

Dhana: Laini ikipita juu ya boma langu, nitawekewa stima

Hii ndiyo inayoacha uchungu mkubwa kuliko zote. Mtu amekubali mlingoti usimamishwe kwenye malisho yake, anausikia ukivuma usiku wa mvua, na ndani bado anawasha koroboi.

Nyaya za kilovolti 400 zina volti 400,000, na balbu ya nyumbani inataka 240. Huwezi kudokoa kidogo hapo katikati. Inabidi kijengwe kituo cha kupozea umeme, chenye transfoma za ukubwa wa nyumba, kiushushe hadi kilovolti 220 au 132, kisha 33, kisha 11, ndipo ufike kwenye ile transfoma ndogo ya mtaani tuliyoizoea. Kituo kimoja cha namna hiyo hugharimu mamilioni ya dola. Hakuna atakayekijenga kwa ajili ya maboma arobaini.

Kiufundi jibu hilo halina kasoro. Likitolewa barazani peke yake, ni dharau. Laini ya Turkana ilipokamilika, mji wa Marsabit uliendelea kutegemea jenereta za dizeli, ilhali upepo wa kaunti hiyo hiyo ulikuwa ukiangaza Nairobi. Hakuna sheria ya fizikia iliyoamuru hivyo. Laini ndogo ya kilovolti 33 kutoka kituo cha karibu, au gridi ndogo ya sola yenye betri, ingeweza kuwekwa kwenye bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza. Kutoiweka ni uamuzi wa watu, na anayekasirishwa na uamuzi huo hajakosa elimu.

Dhana: Nyaya hizo huleta saratani na kuharibu mimba

Twende polepole hapa. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka uga wa sumaku unaotokana na umeme kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Sababu ilikuwa tafiti zilizoona uhusiano hafifu na saratani ya damu kwa watoto, bila kuthibitisha kwamba nyaya ndizo chanzo. Katika kundi hilo hilo imo dondoo ya jani zima la mshubiri, ule ule ambao wengi wetu tumenyweshwa na bibi zetu. Kuhusu mimba, ya binadamu au ya ng'ombe, ushahidi thabiti haujapatikana.

Kiwango cha kimataifa kinachopendekezwa kwa raia, kwa umeme wa aina yetu, ni maikrotesla 200. Ukisimama chini kabisa ya laini kubwa, kwa kawaida utapimwa maikrotesla chache hadi makumi kadhaa, na kipimo hushuka haraka kila unaposogea pembeni. Mashine ya kukaushia nywele ikiwa sentimita 3 kutoka kichwani inaweza kupita kiwango hicho, na hakuna aliyeandamana kupinga saluni.

Hata hivyo mama anayesema "ule waya wa ua umenipiga" hasemi uongo. Uzio mrefu wa waya au paa la mabati chini ya laini hukusanya umeme bila kugusana na chochote, na mkono ukiugusa, hasa mtu akiwa peku, utahisi mchomo. Dawa yake inajulikana: uzio na mabati yafungwe waya wa kuzika ardhini, na kazi hiyo ni ya mwenye laini. Mlio wa kuchachatika wakati wa mvua nao ni wa kweli, kwani matone juu ya nyaya husababisha cheche ndogo hewani. Fundi akicheka malalamiko haya mawili, hakuna atakayemsikiliza akifika kwenye saratani.

Dhana: Serikali imeshachukua shamba

Mara nyingi sivyo. Kinachochukuliwa ni haki ya kupitisha nyaya. Kwa kilovolti 400 ukanda una upana wa mita 60, kwa kilovolti 132 ni mita 30. Hati hubaki kwa mwenyewe. Anaweza kulima mahindi, maharagwe au chai, na kulisha mifugo. Haruhusiwi kujenga nyumba wala kupanda mikalitusi, na kuchoma miwa chini ya nyaya ni hatari kweli, kwa kuwa moshi na moto vinaweza kuurusha umeme hadi chini.

Lakini hebu mfikirie mwenye ekari mbili. Ukanda wa mita 60 ukikata katikati, amebakiwa na vipande viwili visivyofaa kwa nyumba ya mtoto anayetaka kuoa. Mthamini anakuja na daftari, anahesabu miembe na miparachichi, anapiga picha choo, anaondoka. Kinachorudi ni fomu ya Kiingereza yenye tarakimu moja na mahali pa kutia sahihi. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inadai fidia ya haki, kamili na ya haraka. Hilo neno la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi. Usitie sahihi kabla hujaeleweshwa kila mti umethaminiwa kwa kiasi gani, na ubaki na nakala.

Dhana: Si wazizike chini tu

Wajerumani wamejaribu. Laini ya SuedLink, ya takriban kilomita 700, imekusudiwa kupeleka umeme wa upepo kutoka kaskazini hadi viwanda vya kusini. Wananchi wa njiani, hasa jimbo la kusini la Bavaria, waliikataa milingoti, na mwishoni mwa 2015 sheria ikabadilishwa ili nyaya zizikwe. Mipango ikaanza upya. Laini iliyokusudiwa kuwaka 2022 sasa inatarajiwa 2028, kwa takriban euro bilioni 10. Wakulima nao wakaja na lalamiko jipya, kwamba joto la nyaya litaharibu udongo wao. Siku hizi wanasiasa wa huko huko wanajadili kurudisha milingoti kwenye laini zijazo.

Kuzika kunafaa mijini na kwa umbali mfupi. Kwa nchi ambayo mlaji wake tayari analalamikia bili, bei yake ni mara kadhaa ya milingoti, na hitilafu iliyo ardhini huchukua muda mrefu kuitafuta.

Dhana: Wanaopinga ndio wanaochelewesha maendeleo

Hii ndiyo ya wenye tai. Ni kweli madai ya fidia yaliichelewesha laini ya Turkana, lakini pia mkandarasi wake wa Uhispania, Isolux Corsán, alifilisika mwaka 2017 kazi ikiwa njiani, ikabidi makampuni ya China yaimalizie. Wafugaji wa Loiyangalani hawakumfilisisha. Oktoba 2021, mahakama ya ardhi Meru iliamua kwamba hati za takriban ekari 150,000 zenye mitambo hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Yaani waliokuwa wakiitwa wapinga maendeleo walikuwa na hoja mbele ya sheria.

Kule Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60.8 ulikufa mwaka 2016 baada ya maandamano. Uvumi wa magonjwa ulikuwepo, ila ugomvi wenyewe ulikuwa wa ardhi na fidia. Na mwaka 2024, makubaliano ya laini za umeme kati ya Ketraco, shirika la serikali la kusafirisha umeme, na kampuni ya Adani ya India yalisimamishwa kortini, kisha yakafutwa na Rais William Ruto mwezi Novemba baada ya mwenye kampuni kushtakiwa Marekani. Malalamiko makuu yalikuwa usiri wa mkataba. Hakuna aliyezungumzia waya kumtoa ng'ombe mimba.

Dhana: Magari na boda za umeme zitazima nchi

Tupige hesabu. Tuseme boda 100,000 za umeme, kila moja ikila uniti 4 kwa siku. Ni uniti 400,000. Zikichajiwa usiku kwa muda wa saa nane, ni megawati 50, kwenye nchi ambayo kilele chake cha matumizi kimeshapita megawati 2,300. Usiku wa manane Olkaria hulazimika kuachia mvuke hewani kwa kukosa wanunuzi, ndiyo maana bei maalumu ya kuchaji iliyowekwa 2023 ilikuwa shilingi 8 kwa uniti usiku na 16 saa nyingine.

Shida iko kwingine. Magharibi mwa Kenya laini ni nyembamba, na saa za jioni umeme hukatwa kwa zamu hata pale ambapo uzalishaji unatosha. Boda zikirundikana kwenye chaji saa moja jioni huko, zitaongeza mzigo palipoelemewa tayari. Na mtaani, transfoma iliyowekwa kwa ajili ya balbu na televisheni haitavumilia kituo cha betri hamsini. Anayetaka kufungua kituo kama hicho aulize kwanza transfoma ya hapo ina uwezo gani, na kama ni lazima ibadilishwe, ni nani atakayeilipia.